Kidato cha Kumi

Ngazi ya baba ina vidato kumi na sita,
msonobari mtupu, sentimita thelathini kila pengo.
Nilipima baadaye, kwa utepe wa mama wa kushonea,
gari la wagonjwa lilipokwisha shuka bonde la Iza
na matope ya uani kubaki na alama:
tundu la mguu wa ngazi, mita tatu kutoka ukutani,
kisha mkwaruzo mrefu.

Asubuhi ile tulikuwa na msuguano.
Yeye: nani atanisimamia chini?
Mimi: nina mtihani wa fizikia.
Mimi tena, nikiwa tayari mlangoni: Ilarie angekuwepo
usingemfukuza akapake rangi nyumba za watu Torino.
Nikachukua mkoba.
Akapanda peke yake, misumari minne mdomoni,
kigae cha mbao kwapani,
kwenda kuziba paa la ghala la nyasi.

Mtihani haukuuliza ngazi.
Uliuliza kapi, na kreti kwenye mteremko.

Ngazi niliichora usiku, ukumbini hospitali ya Sighet,
nyuma ya karatasi ya dawa.
Ngazi: nyutoni mia mbili, uzito wake katikati.
Baba: mia nane.
Ukuta nikauita laini, mbao zake zililala na barafu.
Ardhi nikaipa nukta nne,
kama apendavyo Bi Zamfira, ambaye hajawahi kuona uani kwetu.

Egemeo nikaliweka mguuni.
Ukiliweka pale, wawili wananyamaza:
ardhi inayobeba, na msuguano unaoshika;
hawana mkono wa kupindulia kitu.
Waliobaki ndio wateteane,
ukuta ukiisukuma ngazi isimame,
baba na mbao wakiivuta ilale.
Momenti ya huku sawa na momenti ya huku.
Na chochote ukuta unachosukuma
ardhi lazima ikirudishe, nyutoni kwa nyutoni.

Ardhi ilikuwa na mia nne tu.
Ikawa inatoa kidogo kidogo, kadiri alivyopanda.
Kidato cha tano: mia mbili hamsini na tano.
Cha nane: mia tatu hamsini na moja.
Cha tisa: mia tatu tisini na tisa.
Hapo nadhani alipumzika, akatema msumari mmoja,
akaona ukungu ukitoka kwenye miplamu,
akasema moyoni, mbona inashika.
Cha kumi kiliomba mia nne thelathini na tano.

Mimi niko kidato cha kumi shuleni.
Nilikaa na neno hilo mpaka muuguzi akazima taa.

Kisha nikafuta, nikajichora chini,
kilo hamsini, juu ya mguu wa ngazi.
Pale nilipo sipindui chochote. Umbali wangu ni sifuri.
Lakini ardhi inanibeba,
na kwa kunibeba inapata mia mbili zaidi za kushika.
Nikapiga hesabu mara tatu.
Baba akafika cha kumi na nne.
Kigae kilichooza kilikuwa usawa wa cha kumi na mbili.

Asubuhi, nyonga yake ikiwa imefungwa kama gogo,
akauliza: inasemaje karatasi yako?
Nikamwambia jibu jingine, ambalo nalo ni kweli:
ungesogeza mguu mita moja ukutani
ungefika juu kabisa, bila mtu.
Akacheka, ikamuuma.
Mita moja nyingine, akasema, na inakutupa chali.
Nikasema, ndiyo, hilo nalo lina hesabu yake.

Akaivuta karatasi, akaigeuza juu chini, chini juu.
Kwa namba hana habari. Michoro anaisoma;
amejenga nusu ya mapaa ya bonde hili kwa michoro ya makaa.
Kidole chake kikashuka ngazi, kikakwama.
Na huyu mdogo, hapa chini, ni nani?

Msuguano, nikasema.

Akaniangalia muda.
Akaomba maji.